Mkunga wa jadi visiwani Lamu: akatazwe kuzalisha, au afunguliwe mlango wa leba?

Muuguzi mkunga, kisiwa cha Pate (anafungua mjadala)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Suala hili limezungumzwa barazani na gatini kwa miaka, na kila mara huwagawa watu pande mbili: wapo wanaotaka wakunga wa jadi wakatazwe kabisa kuwashika wazazi, na wapo wanaotaka warudishiwe kazi yao kama ilivyokuwa kabla ya zahanati kujengwa. Mimi nimezalisha kisiwani Pate kwa miaka tisa, na msimamo wangu nautaja mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Mkunga wa jadi asizalishe tena nyumbani, lakini pia asiachwe nje ya mlango wa leba. Aingie pamoja na mzazi, akae naye mpaka mtoto atoke, na alipwe kwa kumsindikiza.

Naanza na damu, kwa kuwa hapo ndipo ninapotofautiana na wazee wangu. Mwanamke aliyejifungua akipoteza damu ya mililita 500 au zaidi huhesabiwa kuwa anavuja damu kupita kiasi, na mji wa mimba uliolegea unaweza kumwaga zaidi ya hapo kwa muda mfupi sana. Dawa ya kwanza ni oksitosini, yuniti 10, ambayo mzazi huchomwa mara tu mtoto anapotoka ili mji wa mimba ukaze, nayo hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Damu isipokoma, huongezwa asidi ya traneksamiki, ambayo husaidia tu ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Mkunga wa jadi hana dawa hizi, na saa zikishapita hazirudi.

Usiku mmoja nilikuwa zamu katika zahanati ambayo sitaitaja. Ilipofika saa nane nikabishiwa hodi, nikamkuta mama mzazi amebebwa na wanaume wanne juu ya kitanda cha kamba, leso mbili alizofungwa zimelowa mpaka zinadondosha. Alikuwa amejifungua nyumbani mwendo wa saa nne za usiku. Mkunga wake, bibi aliyepita miaka sabini, alitembea kando ya kitanda huku kiganja chake kimekandamiza tumbo chini ya kitovu, na hakukiondoa hata alipokuwa akinieleza. Friji yetu ilikuwa imezima kwa siku mbili kwa sababu betri ya sola ilikuwa imekufa, kwa hivyo oksitosini niliyomchoma sikuwa na imani nayo; na ile asidi, wakati wake ulikuwa umeshapita. Nikamtundikia maji, tukashuka gatini, tukakuta maji yamepwa na boti imekaa juu ya tope. Tulingoja maji yajae zaidi ya saa mbili. Muda wote huo bibi alikaa chini akiukanda ule mji wa mimba, na kila ulipolegea alinitikisia kichwa kabla mimi sijauona mkondo wa damu.

Mama yule alifika Lamu akiwa hai, akaongezwa damu, akarudi kwake. Nasema kwa haki kwamba bila mkono wa bibi yule asingefika gatini, na bila chupa za damu za hospitali asingeiona asubuhi. Nilipomuuliza mama yule baadaye kwa nini hakuja mapema, alinijibu kwamba katika uzazi wake wa kwanza mkunga wake alifukuzwa mlangoni, naye akajifungua peke yake, amelazwa chali, huku muuguzi akimgombeza. Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko yote niliyofundishwa chuoni. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, linasema kila mwanamke awe na mwenziwe anayemchagua mwenyewe, na aachwe akae mkao unaomfaa. Mlango wa leba ukifungwa kwa mkunga, mzazi naye haji, na damu humkuta nyumbani.

Mjukuu wa mkunga, Siyu

Waaleikum salaam, dada muuguzi. Nakushukuru kwa kumtaja bibi yule kwa heshima, lakini naona umempunguzia cheo kwa maneno matamu, kwa kuwa aliyekuwa akizalisha mji mzima sasa atakuwa msindikizaji. Kumbuka kwamba ni wakubwa hao hao wa afya duniani waliohimiza, tangu miaka ya 1970, wakunga wa jadi wafundishwe na wapewe vifaa. Kisha mawazo yakabadilika juu kwa juu, na kufikia mwaka 2004 tamko lao lilikuwa kwamba mzalishaji stadi ni mkunga aliyesomea, muuguzi au daktari, na bibi yangu hayumo. Malawi ilipiga marufuku wakunga wa jadi mwaka 2007, na mwaka 2010 rais wao mwenyewe akaiondoa marufuku hiyo.

Tena upo utafiti uliofanywa Lufwanyama, nchini Zambia, ukachapishwa mwaka 2011. Wakunga wa jadi walifundishwa kumhuisha mtoto aliyezaliwa bila kupumua na kumpa kiuavijasumu anapoonyesha dalili za maambukizi, na vifo vya watoto wachanga vikapungua kwa takriban asilimia 45. Ikiwa wameweza huko, kwa nini sisi tuambiwe kwamba mikono ya bibi zetu kazi yake ni kushika leso tu? Fundisheni, msikataze.

Nahodha, Faza

Mnabishana kuhusu mlango wa leba, na njia yetu ni maji. Kutoka Pate kwenda Lamu tunapita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na maji yakipwa boti yenye watu haipiti; ukizunguka nje wakati wa upepo wa kusi unampeleka mgonjwa kwenye mawimbi ambayo hata mzima humtapisha. Nimewabeba wazazi usiku mara nyingi, na mara zote swali la kwanza huwa ni nani atalipa petroli. Wanaume hukusanya pesa gatini, mmoja mia mbili, mwingine mia tano, na mgonjwa yumo chomboni anasikia hesabu yake ikipigwa. Mkunga awe ndani au awe nje, hili ndilo lipatiwe jawabu kwanza.

Mama wa watoto wanne, Kizingitini

Nataka kusema jambo moja ambalo wengi huona haya kuliandika. Mtoto wangu wa tatu nilizalishwa na muuguzi mwanamume, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na mwingine, na jirani zangu kadhaa wamebaki nyumbani kwa kulikimbia hilo. Mimi nilikubali kwa sababu mkunga wangu aliruhusiwa kuingia, akanishikia leso, akawa ndiye anayezungumza nami na anayenigusa, na yule kijana akafanya kazi yake kwa adabu. Stara yangu ilihifadhiwa. Peke yangu nisingekwenda.

Muuguzi mkunga, Pate

Mama wa Kizingitini, umesema kwa mistari michache jambo ambalo mimi nilikuwa nikilizunguka. Ahsante sana.

Ndugu yangu wa Siyu, utafiti wa Zambia naujua na siukatai, na kwa kweli umenilazimu nirekebishe msimamo wangu. Mtoto asiyepumua anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza, na kwa kuwa kuna wanawake watakaojifungua botini au njiani tutake tusitake, nakubali kwamba kila mkunga kisiwani afundishwe kumkausha mtoto, kumtia joto kifuani mwa mamaye na kumpulizia pumzi kwa mfuko na barakoa yake. Lakini tazama ni nani aliyeokolewa katika hesabu ile: ni watoto. Kuna utafiti mwingine wa Pakistani, wa mwaka 2005, ambapo wakunga wa jadi walifundishwa, wakapewa vifaa safi na wakaunganishwa na vituo vya afya. Vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilipungua kwa takriban asilimia 30, ilhali kwa akina mama haikuthibitika kuwa vifo vimepungua. Mafunzo hayaleti damu ya kuongezwa wala chumba cha upasuaji, na kifafa cha mimba hutaka dawa ya magnesi salfeti na mtu wa kumwangalia mgonjwa asizidishiwe kipimo. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya ilihesabu vifo 355 vya akina mama wazazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na wengi wa namna hiyo huondoka kwa mambo haya haya. Simshushi bibi yako cheo. Namtaka awe mahali ambapo kiganja chake na sindano yangu vitakutana mapema, si saa nne baada ya mtoto kutoka.

Nahodha, kwako sina ubishi. Ada ya kujifungua katika vituo vya serikali iliondolewa mwezi wa Juni mwaka 2013, lakini bahari haikuingizwa katika msamaha ule, na huku visiwani nauli ndiyo ada yenyewe. Afya iko mikononi mwa kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na Ibara ya 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwanamke anayevuja damu gatini huku petroli ikichangwa amenyimwa tayari. Nataka kaunti iweke boti yenye mafuta usiku kucha upande huu wa Mkanda, na ndani yake nafasi ya mkunga ihesabiwe pamoja na ya mgonjwa. Nataka pia inunue kabetosini isiyoharibiwa na joto, dawa ya kuzuia mzazi asivuje damu, ambayo imo katika mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani tangu 2018 na haihitaji friji, ili betri ya sola ikifa tena nisisimame mbele ya mzazi na dawa nisiyoiamini.

Barua kwa wawakilishi wetu wa wadi nimekwisha kuianza. Nahodha, naomba uniandikie hapa ni lita ngapi za petroli boti yako hutumia kutoka Faza hadi Lamu na kurudi usiku wa kusi, kwa kuwa mstari huo bado uko wazi.