Amri ya mahakama ninayo, pesa sizioni. Nifanyeje?

MamaWawili: Assalaam aleikum. Niko Malindi, Barani. Mwaka jana Mahakama ya Watoto iliamuru mzazi mwenzangu alete shilingi 8,000 kila mwezi. Alileta miezi mitatu, kisha kimya. Sasa ni miezi minane, deni limefika 64,000. Nikimpigia anasema kazi ya hoteli imelala, na juzi nimemuona na pikipiki mpya. Mkubwa karudishwa kwa pesa za mtihani. Amekaa barazani na sare zake, hataki kuzivua. Serikali husaidia kweli, au karatasi ile ni pambo?

BintiShella: Pole mwaya. Kwani usiende kwa Kadhi? Huko watu husikizana.

KaraniMstaafu: Dada, amri hufuatwa pale ilipotolewa. Ukianza upya kwa Kadhi utazunguka bure. Nenda masjala ya mahakama na namba ya faili, uombe aitwe ajieleze kwa nini asifungwe. Akipuuza, hakimu aweza kutoa hati akamatwe. Lakini kama bado ameajiriwa, mimi ningeanza na kuomba mshahara ukatwe kwa mwajiri kabla haujamfikia, maana aliyefungwa hachumi. Chapisha taarifa ya M-Pesa, miezi aliyotuma na aliyokosa ionekane. Na kama kuna alizokupa mkononi, ziandike pia. Usimdhulumu.

BabaFetu: Mimi ni baba na nalipa. Kazi ikilala kweli, yeye ndiye wa kurudi kwa hakimu kuomba apunguziwe. Kunyamaza hakufuti deni. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, imewabebesha mzigo wazazi wote wawili, wawe wameoana au la.

MamaWawili: Na wakili? Sina hata nauli ya kumfuata.

UmmuSalim: Sikuwa naye mimi. Afisa wa watoto ndiye aliyenishika mkono hadi maombi yakaingia. Kuna pia msaada wa kisheria wa serikali kwa wasiojiweza, chini ya sheria ya 2016, na simu ya watoto 116 ni bure. Ila jipe subira, shoga. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi adhuhuri, mtoto mgongoni, faili haijulikani iko wapi. Baba watoto wangu alipopelekewa wito kazini, alikuja na elfu ishirini kwenye bahasha. Zilizobaki alipangiwa alipe kidogo kidogo.

MamaWawili: Karatasi nimeitoa chini ya godoro, namba yasomeka. Jumatatu niko masjala. BintiShella, utanishikia mdogo?

BintiShella: Mlete alfajiri.