Tupeane uzoefu: umevuta kebo hadi chumbani na gemu bado linakwama

Dawati la Tabata (mwanzisha mada):

Ndugu wadau, kila anayelalamika kuwa gemu linaganda hujibiwa kwamba aachane na waifai na avute kebo. Nami niliutii ushauri huo, nikanunua mita 25, nikatoboa ukuta wa sebule hadi chumbani, na usiku wa kwanza mchezaji wangu akaendelea kuruka kutoka kona moja ya uwanja hadi nyingine kama kawaida yake. Naomba waliokwisha kupita njia hii watusimulie tatizo walilikuta wapi. Sharti langu ni kwamba ueleze ulipima nini, kwa maana orodha za vifaa vilivyonunuliwa tumezisoma za kutosha.

Naanza mwenyewe. Nilifungua dirisha la amri kwenye kompyuta, nikaandika ping -t, amri inayotuma pakiti (vipande vidogo vya data) na kupima zinachukua muda gani kwenda na kurudi, pamoja na anwani ya ruta yangu (kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani), 192.168.1.1, nikaiacha ikihesabu wakati nacheza. Kebo ikiwa nzima, jibu la ruta iliyo ndani ya nyumba hiyohiyo hurudi chini ya milisekunde 1. Langu lilirudi hivyo kwa dakika kadhaa, kisha mistari mitatu minne mfululizo ikasema muda wa kusubiri umekwisha, halafu mambo yakatulia tena. Nilikuwa nimempigia simu mtoa huduma mara tatu kwa ukali, kumbe pakiti zilikuwa zinapotea kabla hazijatoka hata chumbani kwangu.

Nikatazama kasi ambayo kadi ya mtandao ilikuwa imepatana na ruta, nikakuta megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1,000. Kebo ina nyaya nane. Kasi ya 100 inatumia nne tu, yaani ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6, ilhali kasi ya 1,000 inazihitaji zote nane. Kwa hiyo waya mmoja kati ya zile nne nyingine ukilegea intaneti haikatiki, na wewe unaendelea kuamini kuwa kebo ni nzima. Kila waya ule ulipogusa na kuachia, kadi na ruta zilianza kupatana upya, na sekunde zile chache zilitosha kunifanya nifungwe bao. Nilikata kichwa nilichokibana mwenyewe, nikakishika kwenye mwanga, nikaona waya wa kahawia umeishia nusu ya njia, haujafika kwenye meno. Nilipoukwangua kwa wembe, chini ya wekundu mwembamba kulikuwa na rangi ya fedha: alumini iliyopakwa shaba. Ndiyo maana bei ilikuwa nzuri.

Nilinunua ya shaba tupu na kuibana upya kwa mpangilio huu katika ncha zote mbili: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Tangu hapo ruta haijakosa kujibu.

Mama Kipa:

Wanangu, mimi sichezi, lakini bili nalipa mimi, kwa hiyo naomba nami nisikilizwe. Nina cherehani nne nyumbani, na kila jioni nikifunga kazi huwatumia wateja video za magauni yaliyokamilika. Mwanangu ana miaka 15, na jioni hiyohiyo ndipo gemu lake linapoganda. Kebo alikuwa nayo, tena iliyobanwa na fundi. Nilidhani ni visingizio vya kushindwa, mpaka siku moja aliponiuliza kutoka chumbani, kwa adabu lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama, samahani, kuna kitu unatuma?"

Mpwa wangu alipokuja Krismasi alitukalisha wote wawili mezani. Aliweka pingi ya kwenda nje kwenye intaneti, ikasoma milisekunde 38, 41, 38. Akaniambia nitume video. Namba ikapanda 120, 400, ikafika 850 na kukaa hapohapo, na nilipoweka simu katika hali ya ndege ikashuka yenyewe hadi 38. Hakuna aliyekuwa amegusa kebo.

Alinieleza kwa mfano wa mashine ya kusaga. Kifurushi chetu kinapokea megabiti 20 kwa sekunde lakini kinatuma 5 tu. Video yangu ni mteja aliyefika na magunia kumi, na gemu la mwanangu ni mtoto aliyetumwa na kopo moja la mahindi. Mwenye mashine asipokuwa na utaratibu, kopo litasubiri magunia yote yaishe. Alifunga ruta nyingine yenye programu ya OpenWrt, akaiwekea kikomo cha kutuma cha megabiti 4.5 na utaratibu wa zamu, ili kila mzigo usagwe kidogo kidogo. Sasa natuma video zangu na pingi haivuki 60. Mtoto bado anafungwa, ila kisingizio hana.

Mzee wa Pakiti:

Mama ameeleza jambo ambalo wengi wetu tunalikosea, nami naomba niliongezee namba. Ruta au modemu huwa na hifadhi ya kupanga pakiti zinazosubiri kutoka. Hifadhi ya kilobaiti 500 ikijaa kwenye njia ya megabiti 5 kwa sekunde, pakiti ya mwisho itasubiri sekunde 0.8, yaani milisekunde 800, ambazo haziko mbali na 850 alizoziona mpwa wake. Tatizo hili lilipata jina la bufferbloat na umaarufu miaka ya 2010 na 2011 kupitia maandishi ya Jim Gettys, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya CoDel, inayoangalia pakiti imekaa muda gani kwenye foleni badala ya kuangalia foleni ina urefu gani. Utaratibu wa zamu unaoitwa fq_codel, pamoja na mdogo wake CAKE, umejengwa juu ya wazo hilo.

Kikomo lazima kiwe chini kidogo ya kasi halisi ya kifurushi, kwa kawaida asilimia 85 hadi 95. Ukikiweka sawasawa na kasi yenyewe, foleni itahamia kwenye kifaa cha mtoa huduma, ambako huna mamlaka. Na ukifunga ruta ya pili nyuma ya ile ya mtoa huduma, omba ile ya kwanza iwekwe katika hali ya daraja, yaani ipitishe data tu, la sivyo utakuwa na tafsiri mbili za anwani, yaani kila ruta inabadilisha anwani za pakiti zako kivyake, na baadhi ya michezo itakataa kukuunganisha na wenzako.

Naomba pia tuache kushauriana kununua kifurushi kikubwa zaidi kama dawa ya kila kitu. Gemu likiwa linachezwa, mara nyingi halifikishi hata megabiti 1 kwa sekunde. Kipimo cha kasi kinachokuonyesha 50 hakikuambii kopo linasubiri muda gani nyuma ya magunia.

Msimamizi wa Kibanda, Arusha:

Yangu ni fupi na inaaibisha. Nina kibanda chenye mashine sita za gemu na swichi moja ya bei nafuu, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mashine zote. Jumamosi moja zote ziliganda kwa pamoja, taa za swichi zikawa zinawaka kwa pupa bila kupumzika, na wateja wakadai hela zao. Kijana aliyefagia asubuhi alikuta kebo moja ina ncha inayoning'inia, akaona si vizuri, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi hiyohiyo. Pakiti za kuwatangazia wote zikawa zinazunguka na kuzaana bila kikomo. Niligundua chanzo baada ya saa mbili, kwa kuchomoa kebo moja moja.

Mpwani:

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nilibadilisha kebo mara mbili, swichi mara moja, na pingi ya mchezo ikabaki 170. Ruta ilikuwa inajibu chini ya milisekunde 1 na kituo cha kwanza cha nje kinajibu kwa 8. Kilichonifumbua macho ni mpangilio ndani ya gemu lenyewe, ambako eneo la seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, lilikuwa Ulaya. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za umbali zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, na hakuna kebo ya chumbani itakayozirudisha. Kutoka hapa hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,700 kwa mstari ulionyooka. Hata kama faiba ingepita angani kama ndege, usingepata chini ya 27. Nilipochagua seva ya huko nikapata 70, nikaridhika.

Furaha hiyo iliniponza. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 pingi ilipanda ghafla, nami kwa mazoea nikavua nyaya zote, nikabana vichwa vipya, mke wangu akinitazama. Jioni ndipo nikasikia kuwa kebo za baharini za EASSy na SEACOM zimekatika upande wa Afrika Kusini. Siku hizi kabla ya kushika koleo huwauliza kwanza wenzangu wawili wanaotumia watoa huduma tofauti na wangu.

Dawati la Tabata:

Nashukuru. Naona tayari mpangilio mmoja wa kupima unajitokeza: kwanza ruta, kisha nje nyumba ikiwa imetulia, kisha nje mtu akiwa anatuma mzigo. Je, kuna aliyepima vyote hivyo, vikawa safi, na gemu likaganda vilevile?

Mlinzi wa Lango, Unguja:

Nipo, mkuu. Ruta inajibu vizuri, na nikiwa peke yangu nyumbani mchana pingi ni 45. Ikifika saa 2 usiku inapanda hadi 190, na saa 5 inashuka, iwe kuna mtu anatumia intaneti nyumbani au hakuna. Niliendesha tracert, amri inayoorodhesha kila kituo ambacho pakiti hupitia na muda wake wa kujibu, kila nusu saa kwa usiku tatu na kuandika kwenye daftari. Kituo cha kwanza, ambacho ni ruta yangu, hakikubadilika hata kidogo. Cha pili, ambacho ni cha mtoa huduma, kilitoka 6 hadi 150, na ongezeko hilo likaonekana katika kila mstari uliofuata hadi kwenye seva ya mchezo. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu ruta za katikati zina ruhusa ya kuchelewa kujibu pingi zikiwa na kazi nyingine. Kituo kimoja kikionyesha namba kubwa na vinavyofuata vikawa vya kawaida, usikishitaki.

Daftari nililipeleka ofisini kwao. Kijana wa mapokezi alianza kwa kuniuliza kama nimejaribu kuizima ruta na kuiwasha. Nilipomfungulia ukurasa wa usiku wa pili akamwita fundi, na fundi akakiri kuwa njia yetu ya mtaani imejaa saa za jioni. Wameahidi kutuhamishia njia nyingine, na wiki ya tatu sasa inakwisha. Kwa wakati huu nacheza saa 11 alfajiri, pingi ikiwa 43, dhidi ya watu ambao kwao ni usiku wa manane na wamechoka kuliko mimi.