Rottweiler, German Shepherd, Boerboel au mbwa wetu wa kienyeji: yupi anazaliwa na ukali? Nataka kununua wiki hii

Mla Migebuka (Kigoma)
Wakuu habari za jioni. Nimeingiliwa na wezi mara mbili tangu mvua zianze. Mara ya mwisho wamebeba betri ya sola na madumu mawili ya mawese. Nimechoka, nafuga mbwa. Nimepata Rottweiler dume kwa laki nne. Jamaa mwingine ana German Shepherd wadogo kwa laki tatu, na yupo anayenishawishi Boerboel ila bei yake sitaki hata kuitaja. Mke wangu anasema Rottweiler ni muuaji wa kuzaliwa, atatumaliza sisi kabla hajamwona mwizi. Mimi naona mbwa ni mbwa tu. Je, kweli kuna mbegu zenye ukali wa asili kuliko nyingine, au ni maneno ya watu? Nahitaji jibu kabla ya Alhamisi. Nawasilisha.

Bangwe Juu
Mkuu umetupa bei za mbwa watatu, hujasema kama una uzio. Una watoto? Nani atampa chakula ukisafiri? Huyo dume ana umri gani?

Fundi Pancha
Boerboel. Makaburu walimtengeneza kulinda mashamba, mtu na nyumba yake wakiwa mbali na jirani. Mwizi akiona kile kichwa anakumbuka kwao. Nimemaliza.

Kanyenye Kwetu (Tabora)
Fundi wewe kila uzi Boerboel. Hata mtu akiuliza kuku wa mayai utasema Boerboel.

Mama Twaha (Ujiji)
Mwanangu, kabla ya mbegu jiulize atalala wapi. Mbwa wa kulinda shamba, mifugo na wa mawindo dini imemruhusu, ila wa kuingia hadi sebuleni kulamba vyombo, huyo mimi simo. Jenga banda kule nyuma, vyombo vyake mbali. Akilamba chombo chako unajua ni kuosha mara saba na udongo, na maji yenyewe ya Kigoma tunayajua yanavyotoka.

Mla Migebuka
Shikamoo mama, banda litajengwa. Bangwe Juu, uzio upo upande mmoja wa matofali, pande mbili michongoma, mbele bado. Watoto wapo.

Bangwe Juu
"Mbele bado." Kwa hiyo unataka mbwa muuaji kwenye uwanja usio na geti, watoto wa jirani wanapita kwenda shule. Watoto "wapo" wangapi, wa umri gani?

Simba wa Yuda
Acheni kumzungusha mleta mada. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Uingereza walitunga sheria 1991 wakapiga marufuku Pitbull, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, na mwishoni mwa 2023 wakaongeza XL Bully. Wale si wajinga. Kama ukali ungekuwa malezi tu wasingekaa bungeni kujadili mbegu.

Kanyenye Kwetu
Na kwenye orodha hiyo Rottweiler hayumo. German Shepherd hayumo, Boerboel hayumo. Sasa hiyo sheria inamsaidia nini mleta mada?
Halafu mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Simba wa Yuda
Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Nina methali nyingi kuliko zako.

Bwana Mifugo Mstaafu
Naomba niingie kidogo, nimechanja mbwa miaka mingi mikoa hii miwili.

Kila mbegu ilitengenezwa kwa kazi. Rottweiler jina limetoka mji wa Rottweil, Ujerumani, na kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe na kuwa na wachinjaji. German Shepherd alianza kuandikishwa kama mbegu rasmi 1899, afisa mmoja wa jeshi, Max von Stephanitz, alipomnunua mbwa wa kuchunga kondoo na kumfanya baba wa ukoo wote. Mbwa wa kuchunga anazaliwa na hamu ya kukimbiza kinachokimbia. Ndiyo maana mtoto akikimbia na baiskeli, huyu anamfuata kisigino, na wewe unasema mbwa mkali. Kwake yeye ni kazi.

Lakini kutoka hapo kusema "Rottweiler ni muuaji" ni mbali. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa Marekani, maswali kwa wenye mbwa zaidi ya 18,000, na mbwa 2,155 wakapimwa vinasaba. Walikuta mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Na utafiti wa nyuma, wa 2008, uliouliza wenye mbwa nani anamvamia binadamu, vinara walikuwa akina Chihuahua na Dachshund, yule mrefu mwenye miguu mifupi kama kiti cha jikoni. Ila akikung'ata Chihuahua hakuna anayekwenda polisi.

Simba wa Yuda
Asilimia 9 siyo sifuri mzee. Na hao ni mbwa wa Marekani wanaolala kwenye kochi.

Bwana Mifugo Mstaafu
Sikusema sifuri. Ukali unarithika, sana tu. Warusi pale Novosibirsk walianza 1959 kufuga mbweha wakichagua wapole peke yao wazae. Vizazi vichache tu, mbweha wakaanza kutikisia watu mikia. Baadaye wakaweka ukoo mwingine wa kuchagua wakali, nao wakazidi kuwa wakali. Wote mbweha wa aina moja! Kwa hiyo unaponunua mbwa usiulize jina la mbegu tu, nenda kamwangalie mama yake. Mama akimrukia kila anayepita, mtoto usimchukue hata akiwa wa kienyeji. Na ajue watu mapema. Kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na mbili au kumi na nne ndipo mbwa anajifunza kwamba mtoto, mzee mwenye fimbo na mtu wa bodaboda ni vitu vya kawaida. Akipitisha kipindi hicho kwenye boksi, utahangaika naye maisha.

Dada wa Ipuli (Tabora)
Mwangaluka wote. Sikutaka kuandika, ila hii habari ya boksi imenigusa.

Sisi tulinunua Rottweiler akiwa na wiki tano. Alisafiri na basi ndani ya boksi la biskuti, akafika anatetemeka. Mume wangu akamfunga chini ya mwembe kwa mnyororo wa hatua tatu, na hapo ndipo alipokulia. Watoto wakakatazwa kumgusa ili "asizoee watu". Mlinzi wa jirani akatuambia tumpe nyigu, tuwachome tusage tuchanganye na ugali, na pilipili kichaa juu yake, eti ndiyo dawa ya ukali. Tulifanya, nasema ukweli, nilisaga mwenyewe. Alipofika mwaka na nusu hakuna aliyeweza kumsogelea isipokuwa kijana wetu wa kazi.

Kijana akapata msiba kwao Nzega. Mimi nikawa namtupia chakula kwa mbali, bakuli nalisukuma na fagio. Siku ya nne, jioni, mtoto wa dada yangu wa miaka minane akaja kuokota maembe. Pete ya mnyororo ikafunguka. Sikusikia kubweka. Nilisikia mtoto, nikatoka, nikakuta yule mbwa amemshika paja na anatikisa kichwa. Na koko wetu Simba, mpole wa siku zote, anayelala na paka, naye akaja mbio akamshika mtoto mguu mwingine! Simba nilipopiga kelele aliachia soksi akakimbia. Yule mwingine hakuachia mpaka jirani alipomtwanga na mchi wa kinu. Mara ya tatu ndiyo akaachia.

Tuliosha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, muuguzi wa jirani alisimamia, mtoto analia na mimi nalia. Hospitali sindano ya kichaa siku ile ile, tukarudi siku ya tatu, tukarudi ya saba, na nyuzi kumi na moja. Kadi ya chanjo ya mbwa haikuonekana. Simba tulimfungia siku kumi tukimwangalia, akatoka mzima. Yule mwingine alishamalizwa.

Dada yangu hakuniongelesha mpaka Ramadhani iliyofuata. Sasa niambieni aliyeng'ata ni mbegu, au mnyororo, au nyigu wangu? Mimi nimeshindwa kujua. Ninachojua ni kwamba mbwa wawili waling'ata, na mmoja ndiye aliyehitaji mchi.

Mama Twaha
Pole mwanangu. Mtoto anatembea vizuri sasa?

Dada wa Ipuli
Anacheza mpira mama. Ila akiona hata picha ya mbwa anashika paja.

Fundi Pancha
Pole dada. Lakini nyigu hawana kosa, kipimo tu mlizidisha.

Bwana Mifugo Mstaafu
Fundi, naomba hiyo ifutwe hapa. Nyigu, pilipili, bangi, havifundishi ulinzi. Vinampa mbwa maumivu, na mbwa mwenye maumivu anamng'ata aliye karibu, ambaye ni wewe.

Mzee wa Tumbaku (Kaliua)
Mnazungumza ukali, mimi nazungumza kifo. Hawa wa kizungu huku kwetu ndorobo wanawamaliza. Nilikuwa na German mmoja mzuri, nikaenda naye shambani porini wiki mbili. Aliporudi anakonda, halafu macho yakaingia ukungu wa bluu kama bibi mwenye mtoto wa jicho. Mwezi haukuisha. Koko wangu wawili tulikwenda nao na mpaka leo wanaiba mayai. Kama mleta mada ana shamba upande wa Uvinza asithubutu kwenda naye.

Mla Migebuka
Sina shamba Uvinza, ni la shemeji.

Bangwe Juu
Sasa anatoa habari moja moja kama mganga. Umri wa mbwa mkuu.

Kibirizi Usiku
Mbona hamtaji wale mbwa wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, wasiobweka? Basenji. Wadogo, mkia umejikunja kama ndoano. Shupavu sana porini.

Fundi Pancha
Mbwa asiyebweka anailinda nyumba vipi? Atamwandikia mwizi barua?

Kibirizi Usiku
Anatoa sauti nyingine, kama anaimba. Mwizi akisikia anadhani mzimu. Hiyo ni bora zaidi.

Mla Migebuka
Naomba turudi kwenye mada. Huyo Rottweiler ana miaka miwili, yuko Tabora. Mwenyewe anasema anahama ndiyo maana anauza. Nimeshatuma laki moja ya kishika uchumba. Anapakiwa kwenye treni Alhamisi.

Bangwe Juu
LAKI MOJA UMESHATUMA. Miaka miwili! Na hujawahi kumwona!

Simba wa Yuda
Hata mimi ninayeamini mbegu nasema hapana. Mbwa wa miaka miwili anauzwa laki nne na mwenyewe "anahama"? Anahama na kuku, mbwa ndiyo abaki?

Dada wa Ipuli
Kaka tafadhali. Uliza amewahi kumng'ata nani, na uombe kadi ya chanjo kwa picha. Usidanganywe na "ni mkali kwa wageni tu".

Kanyenye Kwetu
Niambie mtaa, nitampitia kesho baada ya kazi. Hapa Tabora mjini hakuna mbali.

Mla Migebuka
Kiloleni. Asante sana mkuu, nakutumia maelekezo faragha.

Mzee wa Tumbaku
Na treni mnamweka wapi? Karibu kilomita 400 hizo, usiku kucha. Mimi mbuzi wangu mmoja alifika Kigoma amekula tiketi.

Kibirizi Usiku
Behewa la vifurushi, unaongea nao. Afungwe mdomo.

Mama Twaha
Apewe na maji jamani, ni kiumbe.

Kanyenye Kwetu
Nimetoka huko. Mbwa ni mkubwa, manyoya yanang'aa, hana kupe. Kafungwa mnyororo mfupi nyuma ya choo. Nilitegemea atanirukia. Hakubweka. Hakutikisa mkia pia. Alisimama tu ananiangalia, na muuzaji mwenyewe alimwekea maji kwa kusukuma ndoo na fimbo. Kadi ipo, chanjo ya kichaa imeisha muda. Nikamuuliza amewahi kung'ata, akasema "mtu gani?" Nikasema yeyote. Akasema ngoja nipokee simu.

Dada wa Ipuli
Fimbo. Mimi nilitumia fagio.

Bwana Mifugo Mstaafu
Huyo si lazima awe mbaya. Mbwa aliyefungwa hivyo nimeona wakibadilika, ila ni kazi ya miezi na mtu mzima anayekaa nyumbani, na geti. Kwa nyumba yenye watoto na mbele wazi mimi ningechukua yule mdogo wa laki tatu, baada ya kumwona mama yake. Au koko jike wawili kutoka hapo hapo mtaani. Wanabweka vizuri, na mwizi wa betri anaogopa kelele kuliko meno.

Simba wa Yuda
Koko wawili walikuwepo mtaa mzima, na betri imekwenda.

Bwana Mifugo Mstaafu
Hao hawakuwa wake. Mbwa analinda anapokula.

Mla Migebuka
Mke kasoma uzi wote, mpaka nyigu. Anasema Rottweiler akishuka stesheni yeye anapanda treni hiyo hiyo kurudi kwao Urambo. Sasa laki yangu moja naipataje? Muuzaji hapokei tangu jana.

Fundi Pancha
Ungenisikiliza ukachukua Boerboel haya yote yasingekukuta.

Bangwe Juu
Jenga geti kwanza.

Kibirizi Usiku
Samahani mkuu, hiyo betri yako ilikuwa ya ampea ngapi? Kuna kijana juzi alikuwa anapitisha moja pale Mwanga, bei ya kutupa, upande mmoja imepakwa rangi ya kijani.