Naomba ushauri: TEMPO na vituo vya ardhini havikubaliani kuhusu NO2 saa kwa saa

MtafitiHewa
Wakuu, habari za wakati huu. Naandaa tasnifu kuhusu nitrojeni dioksaidi, yaani NO2, katika jiji la Houston. Natumia data za TEMPO, kile kifaa cha NASA kilichorushwa Aprili 2023, kinachokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta kikiitazama Amerika Kaskazini mchana kutwa. TROPOMI, kifaa kingine cha setilaiti, hupita yapata saa saba na nusu mchana tu, na mimi nautaka uchafuzi wa foleni za asubuhi.

Shida ni hii: vituo vya ardhini vinaonyesha kilele asubuhi, kisha NO2 inaporomoka hadi alasiri. TEMPO haiporomoki hivyo, mstari wake ni karibu tambarare. Saa zote nimeshazileta kwenye majira ya Houston. Msimamizi wangu anapendekeza nitafute namba moja ya kuzidisha ili mistari ilingane. Moyo wangu unakataa. Nifanyeje?

TabakaLaChini
Mkuu, usiitumie namba hiyo. Kituo kinapima hewa ya pale kilipofungwa. Setilaiti inahesabu molekuli zote zilizo juu ya kipande cha ardhi, kuanzia chini hadi juu, yaani safu nzima. Asubuhi tabaka la hewa inayochanganyika ni jembamba, moshi umebanwa chini. Jua likipanda, tabaka linanenepa na moshi uleule unatawanyika kwenda juu. Kituo kitasema hewa imesafika, kumbe safu nzima haijapungua. Tena magari yanaendelea kuongeza NO2 huku jua likiiondoa, maana mchana huishi saa chache tu. Uwiano wa safu na hewa ya chini unabadilika kila saa, namba moja itautosheleza vipi?

Kokotoa
Si agawanye tu safu kwa kimo cha hilo tabaka? Vimo vinapatikana bure kwenye modeli za hali ya hewa.

Mshazari
Kokotoa, kwa makadirio ya haraka sawa, kwa tasnifu hapana. TEMPO inasoma mwanga wa jua uliorudi kutoka duniani na kutafuta humo alama ya NO2, hasa kwenye rangi ya urujuani na buluu. Inachopata kwanza ni kiasi kilicho kwenye njia ya mshazari iliyopitwa na mwanga. Ili kukigeuza kuwa safu wima, lazima ujue NO2 imepangikaje kwa kimo, na mpangilio huo unatoka kwenye modeli. Karibu na ardhi setilaiti inaona hafifu, kwa kuwa mwanga mwingi hutawanywa na hewa kabla ya kufika chini. Modeli ikikosea unene wa tabaka la asubuhi, safu yako inapotoka saa zilezile unazozitaka. Ukigawanya tena kwa kimo cha modeli nyingine, unarundika kosa juu ya kosa.

MtafitiHewa, ndani ya faili kuna uzito wa mtawanyiko kwa kila tabaka, yaani namba zinazoonyesha setilaiti inaihisi NO2 kiasi gani katika kila kimo. Tafuta mpangilio wa kimo ulio bora zaidi kwa Houston, kisha hesabu safu upya. Kazi ni nzito lakini hapo ndipo penye tasnifu yako.

MtafitiHewa
Asante sana mkuu. Na pikseli zipi niziache?

Mshazari
Baki na zenye alama ya ubora 0, sehemu iliyofunikwa na mawingu chini ya 0.2, na jua lisilozidi digrii 70 kutoka utosini. Majira ya baridi utapoteza saa za mapema. Halafu data za kituo nazo zichuje, ubaki na saa hizohizo, la sivyo utalinganisha siku za jua na siku zote.

FundiKituo
Mmeisakama setilaiti, ila kituo nacho kina kasoro. Vipimo vingi hutumia molibdeni yenye joto kugeuza NO2 kuwa NO (nitrojeni monoksaidi), na molibdeni hiyo hugeuza pia sehemu ya asidi ya nitriki na jamaa zake. Kituo kinasoma zaidi ya kilichopo, hasa alasiri. Uliza aina ya kipimo kabla ya kukiita ukweli.

Ningekuwa wewe ningeanza na Pandora. Hukaa ardhini, hulitazama jua moja kwa moja na kupima safu nzima, na data za mtandao wa Pandonia ni za bure. Kumbuka tu kujumlisha safu ya stratosfia (hewa ya juu) na ya troposfia (hewa ya chini) za TEMPO kwanza, maana Pandora inayotazama jua haizitenganishi.

TabakaLaChini
Naunga mkono. Pia linganisha Jumapili na siku za kazi, saa kwa saa. Sehemu kubwa ya upotofu wa modeli hujirudia siku zote, kwa hiyo tofauti itakayobaki itakusogeza karibu na mchango wa magari.

MtafitiHewa
Nashukuru wakuu. Naanza na Pandora wiki hii, uzito wa mtawanyiko utafuata. Nitaleta michoro hapahapa, na msimamizi nitamwonyesha uwiano wa kila saa.