Naomba ushauri: klabu ya Kifaransa skulini kwetu Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha sekondari hapa Wete na ndiye msimamizi wa klabu ya Kifaransa. Watoto wanakuja kwa hamu, lakini kazi yetu imekuwa kukariri tu: je suis, tu es, mpaka kengele inalia. Hayo wanayapata darasani, sasa klabu ya nini?

Mimi naona iwe pahala pa kuzungumza bila kuogopa maksi. Juzi tulicheza soko, huyu anauza ndizi, yule ananunua. Msichana mmoja ambaye darasani hafungui mdomo alivutana bei kwa Kifaransa mpaka wenzake wakampigia makofi. Hilo ndilo ninalolitaka.

Machi 20 ni Siku ya Kimataifa ya Francophonie, yaani ya wanaozungumza Kifaransa duniani, nafikiria igizo na mapishi. Wazazi wengine wanauliza faida ya Kifaransa kwa mtoto asiyetaka kutembeza watalii. Nawaambia jirani zetu wa Komoro wanakitumia serikalini, lakini naona halijawatosha. Niwajibu vipi?

Na mliowahi kuendesha klabu kama hii bila intaneti ya uhakika, mlifanya shughuli gani? Niwaandae pia kwa DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa kinachotolewa na Ufaransa, au utawaondolea hamu?