Laptop ya GB 8 na bando la kubahatisha: VS Code, Neovim au Cursor?

MtuWaKagera

Wakuu, heshima kwenu.

Nimepata kazi ya kuhudumia mfumo wa maduka matatu ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Ni Laravel (fremu ya PHP), MySQL (hifadhidata) na kipande cha malipo kwa simu ambacho bado hakijaandikwa. Miaka yote natumia VS Code, kihariri cha msimbo cha Microsoft, kwa sababu ndiyo tuliyoikuta chuo. Mashine ni ThinkPad ya mtumba, RAM GB 8. Nikifungua VS Code, Chrome yenye tabo kumi na MySQL, feni inalia kama mashine ya kusaga.

Washkaji wamenigawa. Wa kwanza anasema nibaki VS Code na Copilot ya bure, akili mnemba inayokumalizia msimbo. Wa pili anasema nihamie Neovim, kihariri cha kwenye terminali, nitapona. Wa tatu analipia Cursor, kihariri chenye akili mnemba ndani, dola 20 kwa mwezi na anajisifu kwamba siku hizi haandiki, anaagiza tu. Dola 20 ni kama elfu hamsini zetu, na hiyo kwangu ni bando pamoja na chakula cha mchana cha siku kadhaa.

Naomba mnilinganishie hizi tatu. Tafadhali isiwe Simba na Yanga.

fundi_seva

Tuanze na RAM maana ndiyo inayokuuma. VS Code imejengwa juu ya Electron, yaani imebeba Chromium nzima, kivinjari mama cha Chrome, tumboni. Wewe hapo una Chrome mbili. Cursor imetokana na msimbo huohuo wa VS Code, ikaongezewa akili mnemba, kwa hiyo feni yako usiitafutie dawa huko. Neovim ikiwa tupu inakaa kwenye makumi ya MB.

Ila hiyo namba ya Neovim ndiyo wanayokudanganyia kijiweni. Fungua htop uone nani anakula RAM. Mlaji mkubwa mara nyingi ni seva ya lugha, ile programu ya pembeni inayousoma mradi wote ili ikupe mapendekezo na kukuonyesha makosa. Tangu Microsoft watoe itifaki ya LSP mwaka 2016, kihariri chochote kinaweza kuzitumia seva hizo, na Neovim ina LSP ndani yake tangu toleo 0.5 la mwaka 2021. Kwa mradi wa Laravel wenye folda ya vendor (maktaba za watu wengine) iliyoshiba, seva hiyo itakula mamia ya MB ukiwa VS Code na mamia yaleyale ukiwa Neovim. Utaokoa kiasi, ila usitegemee muujiza.

Kabla hujahama popote, zima plagini usizozitumia, kisha weka folda za vendor, node_modules na storage kwenye files.watcherExclude, ili VS Code isizifuatilie. Na hizo tabo kumi, mkuu, tano ni YouTube. Tunajuana.

DadaTerminali

Mimi ni mtu wa Neovim, mwaka wa nne huu, na nakwambia usihamie sasa hivi. Wiki mbili za kwanza utakuwa unaandika kama mtu aliyefungwa bendeji mkononi, na wewe una tajiri anayesubiri ripoti ya mauzo. Weka plagini ya Vim, mzazi wa Neovim, ndani ya VS Code. Vidole vitajifunza huku kazi inaendelea. Miezi sita ukiona umenogewa, hama.

Faida yake halisi niliiona siku nisiyoitaka. Nilikuwa kwenye feri ya Likoni, saa kumi na mbili jioni, umesimama umebanwa na baiskeli ya muuza mkate, simu ikaanza kuita: mfumo wa mteja umekufa. Laptop iko nyumbani. Nikafungua Termux, terminali ya kwenye simu, nikaingia seva kwa ssh, nikafungua faili ya mipangilio ya nginx, programu inayohudumia tovuti, kwa vi, babu wa Vim. Nukta-mkato moja ilikuwa imesahaulika mwisho wa mstari. Nikaiweka, nikapima kwa nginx -t, nikaiwasha upya. Feri inagusa ng'ambo, mteja ananiambia asante.

Seva ile haikuwa na VS Code wala haingeibeba. Vi ilikuwepo, kama ilivyo karibu kila seva ya Linux utakayoikuta.

Kevo_Rongai

Wadau, mbona tunazungumza kama tuko 2010? Mimi nalipa Cursor na hela yangu inarudi. Wiki jana nilikuwa na fomu arobaini za mfumo wa zamani, zote zitolewe Bootstrap ziwekwe Tailwind, yaani zibadilishwe fremu ya muonekano. Hiyo ni kazi ya wiki nzima ya kuchosha macho. Nilifanya mbili kwa mkono kama mfano, nikaagiza zilizobaki zifuate, nikashinda mchana nikikagua. Jioni niko kibandani nakula mutura.

Kuna kazi hazina heshima yoyote. Mtu akizifanya kwa mkono hapati ufundi, anapata mgongo mbovu.

MzeeWaPascal

Nimekaa pembeni nawasoma, nanyi mnanikumbusha mbali.

Wakati najifunza Turbo Pascal, kuna mwalimu aliyeamini kwamba anayehitaji rangi kwenye msimbo ni mvivu. Zikaja IDE, vihariri vyenye zana zote ndani, tukaambiwa anayezitumia si fundi. Ikaja Stack Overflow mwaka 2008, tovuti ya maswali na majibu ya wasanidi, kunakili kutoka kule kukawa tusi, na waliotukana walikuwa wamenakili asubuhi hiyohiyo. Mwaka 2001 Steve Ballmer wa Microsoft aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2018 Microsoft ileile ikainunua GitHub, tunakohifadhi misimbo yetu, kwa dola bilioni 7.5, nasi wana Linux tukaapa kuhama. Mimi nilihama kwa miezi minne.

Kwa hiyo sina haraka ya kucheka chombo kipya. Lakini hiki cha sasa kinanitatiza kwa namna ambayo vile vingine havikunitatiza. Pale Stack Overflow ulipewa mistari sita, na chini yake watu kumi wakibishana: huyu anasema ni mibovu, yule anasema ilifaa toleo lililopita, wa tatu anamtukana wa pili. Ukitoka pale umebeba mistari sita pamoja na ugomvi wake, na ugomvi ndio ulionifundisha kazi. Akili mnemba inakupa mistari mia mbili, sauti ya upole, na mbishi hayupo. Ukiihoji inakuomba radhi na kukubaliana nawe hata pale ulipokosea wewe.

Kevo_Rongai

Mzee, shikamoo. Lakini wengine ugomvi ule ulitufukuza kabisa. Swali langu la kwanza pale lilifungwa kwa dakika tatu, eti lilishaulizwa. Sikurudi mwaka mzima.

MzeeWaPascal

Marahaba. Hilo nakubali, tulikuwa wakali bila sababu.

Salma_wa_Nakuru

Mtoa mada, umetaja malipo kwa simu. Simama hapo kidogo nikupe yaliyonikuta.

Nilikuwa natengeneza duka la mtandaoni la agrovet, malipo ni M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom. Nikaiagiza zana moja ya akili mnemba iniandikie sehemu ya STK push, ile inayoitumia simu ya mteja ombi la kuweka PIN. Iliandika vizuri mno. Nambari ya simu imegeuzwa kutoka 07 kuwa 2547, nenosiri limeundwa kwa shortcode, passkey na muda kisha base64, kila kitu mahali pake. Mwisho kabisa kulikuwa na mstari huu: ikiwa ResponseCode ni 0, oda iandikwe imelipwa.

Anayeijua Daraja ameshashika kichwa. Ile ResponseCode 0 inayorudi papo hapo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa na simu ya mteja itaulizwa PIN. Pesa bado iko mfukoni mwake. Jibu lenyewe linakuja baadaye, linatumwa kwenye CallbackURL yako, yaani anwani ya mfumo wako, na humo ndimo kuna ResultCode. Sifuri hapo ndiyo malipo. Mteja akighairi inakuja 1032.

Nilijaribu kwa simu yangu, nikaweka PIN, ikafanya kazi. Nikajaribu tena, ikafanya kazi. Sikuwahi kujaribu kughairi. Wiki ya kwanza sokoni, mteja mmoja akaghairi, mfumo ukasema amelipa, na magunia matatu ya chakula cha ng'ombe yakapanda pikipiki. Mwenye duka aligundua alipofunga hesabu za jioni. Magunia nililipa mimi.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: majaribio ya msimbo yalikuwepo! Kumi na mawili, yote kijani. Yaliandikwa na zana ileile, kwa imani ileile kwamba sifuri ya kwanza ndiyo malipo. Yalikuwa yanapimana na msimbo kama watu wawili walionakili mtihani kwa mtu mmoja.

Huko Tanzania huenda utapitia kampuni ya kati, majina ya sehemu yatakuwa mengine. Ombi kupokelewa na pesa kuingia yatabaki kuwa mambo mawili.

Kevo_Rongai

Pole Salma. Ila kwa haki, hilo kosa hata binadamu angelifanya.

Salma_wa_Nakuru

Angelifanya, mimi mwenyewe ningelifanya. Lakini ningeandika mistari thelathini kwa siku nzima, nyaraka zikiwa wazi pembeni, na neno "callback" ningelikuta njiani hata bila kulitafuta. Safari ile nilipokea kitu kilichokamilika, nikakisoma kama mtu anayesoma mkataba wa simu: nikashuka hadi chini nikabonyeza nakubali.

fundi_seva

Hapa ndipo takwimu zinapochekesha. Mwaka 2025 watafiti wa METR waliwachukua wasanidi 16 wazoefu, kazi 246 kwenye miradi huria waliyoizoea wenyewe. Kazi nyingine waliruhusiwa akili mnemba, nyingine wakakatazwa. Waliporuhusiwa walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Na baada ya kumaliza, wao wenyewe waliamini kwamba iliwaharakisha kwa asilimia 20.

Kevo_Rongai

Watu 16, kwenye miradi mikubwa wanayoijua kama sebule zao. Mimi fomu zangu arobaini sikuzijua na sikutaka kuzijua.

fundi_seva

Sawa, hoja hiyo inasimama. Weka na hii basi: utafiti wa Stack Overflow wa 2025, asilimia 84 ya waliojibu wanatumia akili mnemba au wanapanga kuitumia. Asilimia 46 hawaamini usahihi wake, 33 ndio wanaoiamini. Yaani tunapanda basi ambalo dereva hatumwamini, maana kila mtu kalipanda.

Juma_NjeYaMtandao

Mmesahau bando. Mimi niko Kigoma, mtandao ukiondoka unaondoka kweli, na Copilot na Cursor zote mbili zinategemea seva za mbali. Mtandao ukikata, elfu hamsini yako imelala.

Nimejaribu kuendesha modeli ya akili mnemba hapahapa kwenye mashine, kwa programu ya Ollama. Qwen2.5-Coder ya vigezo bilioni 7 ni faili la GB 4.7. Kwenye RAM ya GB 8 inaingia, ila kila kitu kingine kinatoka, na jibu linakuja neno moja moja kama telegramu. Ya bilioni 1.5 haifiki GB 1, inakimbia, inafaa kumalizia mistari midogo. Usiiulize habari za malipo, itakujibu kwa kujiamini kuliko ile zana ya Salma.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni Zeal. Unapakua nyaraka za Laravel, PHP na MySQL mara moja, unasoma bila mtandao. Hakuna anayeisifia maana haina la kusifia. Unatafuta, unasoma, unafunga.

MtuWaKagera

Wakuu, asanteni sana. Naleta mrejesho baada ya siku tisa.

Nimebaki VS Code. Nilikuta plagini 31, nimebakiza 7. Nimefuata ushauri wa watcherExclude, na feni sasa inalia nikiwasha Zoom tu. Copilot ya bure nimeiacha kwa vitu vidogo, maana ina kikomo cha mwezi. Nikigusa faili za malipo naizima. Niliandika sehemu hiyo kwa mkono kwa siku mbili nikiwa na nyaraka za kampuni ya malipo, na jaribio la kwanza kabisa niliandika la mteja anayeghairi. Lilianguka. Dada Salma, magunia yako yameokoa saruji yangu.

Halafu DadaTerminali, nina kisa. Nilifungua vim kwenye seva mara ya kwanza, skrini ikaniambia nisaidie watoto maskini Uganda. Nikadhani seva imedukuliwa. Nikapiga simu kwa mwenye seva, usiku.

DadaTerminali

Nimecheka hadi jirani kagonga ukuta. Ndivyo Vim ilivyo. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, alikwenda Kibaale huko Uganda mwaka 1994, akafanya kazi za maji na usafi kwenye kituo cha watoto. Tangu hapo Vim ni bure, ila anaomba ukiipenda uwachangie watoto wale. Alifariki Agosti 2023, na ombi lake bado liko kwenye skrini. Andika :help uganda usome mwenyewe.

MtuWaKagera

Nimesoma yote. Inasema Kibaale iko kusini mwa Uganda, karibu na Tanzania. Bibi yangu yuko Kyaka, kwake na mpaka wa Mutukula hapako mbali. Nikienda Desemba nitamwuliza kama anapajua.

Swali la mwisho kabla sijafunga uzi: hiyo plagini ya Vim imeniharibia Ctrl+C. Nakili haifanyi kazi tena.

DadaTerminali

Kwenye mipangilio tafuta vim.useCtrlKeys, iweke false. Ctrl+V nayo itarudi.