Mrejesho: ule msumeno wa babu

Wadau, si niliwauliza ule msumeno wa marehemu babu, fundi wa majahazi pale Matondoni, Lamu, ni wa wapi? Nimekisugua kile kidude cha shaba mpinini kwa ndimu na majivu, kikatoka DISSTON na PHILADA, yaani Philadelphia. Kumbe ni wa Marekani, ila Henry Disston mwenyewe ni Mwingereza alohamia Philadelphia akafungua karakana 1840, halafu 1855 akaanza kuyeyusha chuma cha pua chake mwenyewe badala ya kungojea meli za kutoka Uingereza, hapo ndo aliwapiga bao wenzake. Familia yake ikaendeleza mpaka 1955 kampuni ikauzwa kwa kampuni nyingine, H.K. Porter. Yule alobisha ni wa India yuko wapi 😂 Nimeutia tupa meno, unakata mbao freshi, na siuzi msinisumbue inboksi.